Njia Inapopinda

Alikuja Jumanne, mtu wa makumbusho,
na futikamba, na fomu ya kurasa nne,
viatu viking'aa kuushinda udongo wetu mweusi,
huu wa kusini mwa reli, ushikao mguu kama mdai.
"Natafuta majengo ya kale," akasema.
Nikamwambia, karibu, hapa yote ni ya kale,
hata mabati mapya yameshaanza kuzeeka.

Jina la jengo. Mwaka. Mjenzi. Hali.

Nikampeleka kwanza kwenye tangi la maji:
miguu minne ya chuma, tumbo lisilo na tone.
Nikamwonyesha bamba. Kutu imekula tarakimu ya mwisho,
kwa hiyo ni elfu moja mia tisa ishirini na kitu.
"Na kitu" hakuandika. Aliacha pengo.
Na mjenzi je? Khavere akachungulia dirishani,
povu la sabuni hadi viwikoni:
"Andika babu yangu! Alipanda na parafujo mdomoni
akashuka amepungukiwa meno mawili."
Safu ya mjenzi ilikuwa nyembamba mno kwa meno.

Ukumbi, sasa. Mlango wa kijani
uliopakwa rangi mara nyingi hata haufungiki.
Jumamosi watu walicheza dansi humu,
Jumapili wakaziombea dhambi za Jumamosi
chumba kile kile, mabenchi yamegeuzwa tu.
Karibu na nguzo ya pili mama alimkanyaga baba kidole.
Mimi ni tunda la msamaha ule.
"Hali: wastani," akaandika.

Mbele ya ukumbi kipande cha reli
kimening'inia kwa mnyororo.
Hakina paa wala mlango, akasema, hiki si jengo.
Si jengo, nikakubali, lakini siku zetu
kilizijenga hiki: kilipolia alfajiri wanaume waliinuka,
kilipolia jioni masufuria yalishuka mekoni.
Mbithe akaokota jiwe, akakigonga mara moja,
na mbwa watatu ambao hawajui zamu ni nini
wakageuza vichwa upande wa karakana.

Tukawa tunarudi barabarani.
Nikakata kushoto, nikazunguka, nikarudi kulia.
Yeye alipita katikati, moja kwa moja,
kisha akasimama. "Mbona umezunguka?"

Nikatazama. Nyasi. Kandambili moja ya mtoto.
Na njia yetu, imekanyagwa hadi ikang'aa,
inapinda kuukwepa ukuta usiokuwepo.

Hapa palikuwa na ofisi ya kipande.
Si kile cha kugongwa. Kile cha shingoni,
kikopo cha bati kifuani mwa mwanamume mzima,
ndani yake alama za vidole vyake mwenyewe,
kana kwamba angeweza kuvisahau.
Dirisha lile hukulipita hivihivi.
Ulizunguka, na mwana mgongoni akajifunza kuzunguka.
Iliungua, au ilibomolewa, kila nyumba na hadithi yake;
matofali, wasemao husema, ndiyo jiko la kina Ogola,
na ugali wao huiva upesi kuliko wa jirani.
Wavulana wa mpira, waliozaliwa juzi,
wakifika pale humpiga chenga mtu wasiyemwona.

Mtu wa makumbusho akakunjua futikamba.
Mita kumi na moja kwa sita, akapima, nyasi tupu.
Akaitafuta safu. Akageuza ukurasa, akaugeuza tena.
Mwishowe akaikunja fomu, akaitia mfukoni,
akauliza kama kuna mahali pa chai.

Ameahidi mabamba mawili ya shaba,
la tangi na la ukumbi. Khavere anauliza
shaba siku hizi ni shilingi ngapi kwa kilo.

Nami usiku ule nilitoka peke yangu
nikajaribu kupita katikati.
Umande. Taa ya karakana kwa mbali.
Nilifika nusu
nikajikuta najipapasa shingo.